Kompyuta Ikihamia Sebuleni: Ushauri kwa Nyumba za Bukoba na Muleba

Swali ni moja, wanaouliza ni wengi. Wapo waliofunga steshenari zao Rwamishenye wakabaki na kompyuta ya mezani iliyofunikwa kitambaa. Wapo walimu wa Kamachumu na Nshamba wenye laptopu ambayo betri yake haishiki chaji tena, lakini ikichomekwa kwenye umeme inafanya kazi vizuri. Wapo wazazi ambao kijana wao amemaliza chuo akarudi Muleba na mashine yake. Wote wana TV ya flati sebuleni, na wote wanataka kujua kama vitu hivyo viwili vinaweza kuunganishwa ili familia itazame filamu, isikilize muziki na kuona video za harusi bila kununua kifaa kingine kikubwa.

Vinaweza, na kazi yenyewe huisha kwa jioni moja. Shida ni kwamba maelekezo mengi yanayozunguka mitandaoni yaliandikwa kwa ajili ya nyumba ambazo intaneti haina kikomo na umeme haukatiki. Mkazi wa Izigo akiyafuata neno kwa neno, bando la mwezi litaisha katika filamu mbili tatu.

Kwa nyumba za Kagera mpango unaofaa ni mwingine: kompyuta ya sebuleni iwe ghala. Vitu vya kutazama na kusikiliza viingizwe ndani mapema, vikae humo, na intaneti ije kama nyongeza. Mengi ya yanayofuata hapa chini yanatokana na wazo hilo.

## Kwanza: je, kompyuta inahitajika?

Si kila nyumba inaihitaji, na ni vizuri kusema hivyo kabla mtu hajafungua pochi.

"Nina smati TV tayari." Kama shida ni filamu tu, na TV inasoma flashi bila matatizo, nunua diski ya nje, ichomeke nyuma ya TV, basi. Kompyuta inaanza kuwa na faida pale TV inapokataa baadhi ya mafaili, pale watoto wanapohitaji kuandika na kujisomea, au pale unapotaka kuhamisha DVD na kanda za zamani. Hakuna TV inayoweza kufanya hilo la mwisho.

"Si afadhali kasanduku ka Android?" Kanatumia umeme kidogo sana, na hiyo ni sifa ya kweli. Tahadhari ipo kwenye vile visivyo na jina la kampuni inayoeleweka. Mwaka 2023 wataalamu wa usalama wa mitandao waligundua kuwa vifaa vya aina ya T95, vilivyokuwa vikiuzwa kwa bei ya chini sehemu nyingi duniani, vilikuwa vimewekewa programu haribifu tangu kiwandani. Kifaa cha namna hiyo hakifai kuingizwa namba ya siri ya barua pepe, sembuse ya fedha.

"Basi niache kulipia king'amuzi?" Hapana, kama nyumba inafuatilia mpira. Mechi za Ligi Kuu ziko Azam TV, na kuzitazama mubashara kwa intaneti ya simu kunakula bando kuliko bei ya kifurushi cha king'amuzi. Mwaka 2027 kuna AFCON, ambayo Kenya, Tanzania na Uganda zilipewa uenyeji kwa pamoja. Nyumba iliyotupa king'amuzi itajuta. King'amuzi kikae kwenye tundu moja la HDMI, kompyuta ikae kwenye tundu la pili, na rimoti ya TV ichague.

## Mashine ya kutumia

Ukiwa nayo tayari, anza nayo hiyo hiyo. Kama unanunua iliyotumika, iwe Bukoba mjini au Mwanza, angalia mambo haya kwa mpangilio huu:

- Kizazi cha kichakataji. Core i5 ya kizazi cha pili, iliyotoka 2011, inacheza filamu za kawaida za HD bila shida. Mafaili mapya ya H.265 huifanya ihangaike na feni kupiga kelele. Kuanzia kizazi cha sita, cha mwaka 2015, mashine huyafungua mafaili mengi ya aina hiyo kwa urahisi. Core 2 Duo iachwe.
- RAM. GB 4 inawezekana kwa filamu tu. GB 8 ndiyo ya kustarehe.
- Diski. SSD ndogo kwa ajili ya mfumo wa kompyuta, kisha diski kubwa ya kawaida kwa ajili ya filamu. Kununua SSD kubwa ya kuhifadhia filamu ni kupoteza fedha.
- Matundu ya nyuma. Hapa ndipo wengi hukwama, na sehemu inayofuata inaeleza.

Mezani au mpakato? Kwa mwenye umeme wa kusuasua au sola, laptopu. Inatumia nusu ya umeme na inabeba betri yake yenyewe. Hata yenye kioo kilichovunjika inafaa kabisa, kwa sababu kioo kitakachotumika ni cha TV, na mara nyingi huuzwa kwa bei ya kutupa. Kompyuta ya mezani inashinda kwa mtu mwenye kanda za kaseti za kuhamisha na mwenye nafasi ya kuongeza diski.

Mashine iliyonunuliwa Mwanza ikisafiri kwa meli hadi Kemondo au Bukoba, au kwa basi, isikae chini ya magunia. Diski ya kawaida ina sahani zinazozunguka ndani na mtikiso mkali huimaliza. Itoe, ifunge kwenye nguo, ibebe mkononi.

## Waya: kosa la kwanza la kila mtu

Kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa mitumba zilitoka maofisini: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Zina nguvu ya kutosha, lakini nyingi hazina tundu la HDMI. Zina VGA, lile la bluu lenye pini kumi na tano, na DisplayPort, linalofanana na HDMI ila kona moja imekatwa. Mtu ananunua waya wa HDMI, anafika nyumbani, hauingii.

- Kama kuna DisplayPort: nunua adapta ya DisplayPort kwenda HDMI. Ile ndogo ya kawaida inatosha, na inapitisha picha pamoja na sauti.
- Kama kuna VGA peke yake, na TV ina VGA: waya wa VGA unafanya kazi, lakini *haupitishi sauti*. Utahitaji waya wa pili kutoka tundu la kijani la kompyuta kwenda kwenye TV au sabufa.
- Kama kuna VGA peke yake, na TV ina HDMI tu: kinahitajika kigeuzi chenye waya wa USB wa kukipa umeme. Waya mtupu wenye VGA upande mmoja na HDMI upande mwingine, usio na kisanduku katikati, haufanyi kazi hata siku moja. Unauzwa, lakini usiununue.
- Laptopu: nyingi zina HDMI. Waya wa mita 2 au 3 unatosha. Mrefu sana na wa bei rahisi huleta picha inayokatika.

Mwambie muuzaji ajaribu dukani mbele yako. Nenda na mashine yenyewe. Picha ya matundu kwenye simu husaidia, lakini mashine husema ukweli wote.

## Picha na sauti

Baada ya kuchomeka, TV ikiandika kuwa hakuna mawimbi, badilisha chanzo kwa rimoti hadi kwenye HDMI sahihi. Kisha:

1. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, uchague picha itokee kwenye TV.
2. Weka ukubwa wa picha kwenye kipimo ambacho kompyuta yenyewe inakipendekeza. TV nyingi za inchi 32 ni za 1366 kwa 768. Kuilazimisha zaidi hufanya maandishi yawe na ukungu.
3. Kingo za picha zikikatwa, kiasi kwamba saa ya chini kulia haionekani, tatizo liko kwenye TV. Tafuta sehemu ya ukubwa wa picha, chagua panapoandikwa "Just Scan" au "Screen Fit".
4. Ongeza ukubwa wa maandishi hadi asilimia 150. Sebuleni watu hukaa mita tatu kutoka kwenye kioo.
5. Sauti ikibaki kwenye kompyuta, bonyeza alama ya spika na uchague jina la TV.

Sabufa, ile yenye matundu mekundu na meupe nyuma, huunganishwa kwa waya wenye pini ya hedifoni upande mmoja na pini mbili upande mwingine. Nyumba zetu nyingi zimeezekwa bati, na Bukoba hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, karibu mara mbili ya Mwanza. Mvua ikianza kupiga bati, spika za TV hazisikiki kabisa. Programu ya VLC inaruhusu sauti ipande hadi asilimia 125, na sabufa inafanya kazi iliyobaki; lakini kinga bora ni maandishi ya chini ya filamu, yawekwe tayari kabla wingu halijafika.

## Programu mbili zinatosha

VLC ni ya bure, inafungua karibu kila aina ya faili, na haihitaji intaneti ikishaingia. Kodi nayo ni ya bure. Ilianza mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa jina la XBMC, ikapewa jina la sasa mwaka 2014. Kazi yake ni kupanga filamu na muziki kwa picha kubwa kubwa zinazosomeka kutoka kwenye kochi, ili hata bibi aweze kuchagua bila kuelekezwa. Kwa mashine dhaifu, VLC peke yake inatosha.

Kuwe na tahadhari moja. Kuna watu wanaouza Kodi "iliyojazwa", yenye nyongeza za kufungua filamu na mechi za kulipia bila malipo. Nyongeza hizo huvunja sheria, hufa kila baada ya wiki chache, na nyingine huingiza virusi. Ipakue mwenyewe kutoka kwa walioitengeneza.

Kuhusu Windows 10: Microsoft iliacha kuitolea maboresho ya kawaida ya usalama Oktoba 14, 2025, na mashine nyingi za kabla ya kizazi cha nane haziruhusiwi kupanda hadi Windows 11. Mashine isiyoingia kabisa mtandaoni inaweza kuendelea hivyo hivyo. Inayoingia mtandaoni ihamishiwe mfumo wa Linux Mint, ambao ni wa bure na una VLC na Kodi vilevile. Fundi wa kompyuta mwenye flashi anaiweka kwa muda mfupi, lakini mwambie *anakili kwanza* picha na mafaili yako. Wengine hufuta bila kuuliza.

Rimoti. Kibodi ndogo isiyo na waya yenye sehemu ya kuteleza kidole ni rahisi kuliko kipanya kwenye kochi. Mwenye simu ya Android hahitaji hata hiyo: programu ya Kore huigeuza simu kuwa rimoti ya Kodi. Washa hotispoti ya simu, kompyuta iungane nayo, na mazungumzo kati yao hayali bando kwa sababu hayatoki nje ya nyumba. Zima data ya simu kwanza, ili kompyuta isipate mwanya wa kupakua mambo yake.

## Umeme na radi: sehemu ya kusoma mara mbili

Hapa ndipo sebule nyingi za Kagera zimepoteza vifaa. Kwa miaka mingi umeme wa Bukoba na Muleba ulikuwa ukitoka Uganda, kwa laini ya Masaka hadi kituo cha Kyaka wilayani Misenyi, na watu wamezoea kukatika na kurudi kwake. Kinachoua vifaa mara nyingi ni kule kurudi, unapokuja kwa kishindo.

- Weka kifaa cha kulinda umeme, kile ambacho madukani huitwa TV gadi, kinachosubiri dakika kadhaa kabla ya kuruhusu umeme upite.
- Kwa kompyuta ya mezani, UPS ndogo ya VA 650 ikiwa mpya hutoa dakika kumi hadi ishirini. Muda huo ni wa kuzima kwa utaratibu. Filamu itamaliziwa siku nyingine.
- Kwenye mipangilio ya ndani ya kompyuta, mwambie fundi aweke kwamba umeme ukirudi mashine ibaki imezimwa.
- Usichomeke TV, kompyuta, sabufa, king'amuzi na pasi kwenye ekstensheni moja.

Je, soketi ina waya wa ardhi? Dalili ya kutokuwa nao ni rahisi: ukigusa bati la kompyuta ya mezani kwa mkono mtupu, inatekenya au inapiga shoti ndogo, na sabufa inavuma hata wimbo ukisimama. Hilo halizoeleki, wala lisizoewe. Fundi wa umeme achunguze kama fimbo ya ardhi ipo na kama waya umeunganishwa. Na plagi ya pini tatu isivunjwe pini ya juu ili iingie kwenye soketi mbovu.

Sasa radi. Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi duniani. Upande wetu wa magharibi mawingu makubwa hujijenga juu ya ziwa usiku na kusukumwa kuja nchi kavu, ndiyo maana mvua za Bukoba hupenda kuja usiku wa manane na alfajiri, watu wakiwa wamelala. Kwa hiyo kuchomoa vifaa radi inapoanza ni kuchelewa. Chomoa *kabla ya kulala*, hasa masika na vuli.

Kuchomoa kwenyewe hukosewa. Mtu anatoa plagi za umeme na kuacha waya wa dishi. Radi ikipiga karibu, msukumo hushuka kwenye waya wa dishi, ukaingia king'amuzi, ukapita HDMI hadi TV, kisha ukapita HDMI ya pili hadi kompyuta. Vifaa vitatu vinaungua kwa mpigo mmoja huku plagi zote ziko nje. Toa plagi, na fungua waya wa dishi nyuma ya king'amuzi. TV gadi haizuii radi, hata muuzaji akiapa.

Luku itaisha haraka? Hofu hii ni kubwa kuliko hesabu yenyewe. Kompyuta ya mezani ya ofisini ikicheza filamu hutumia kama wati 60, na TV ya inchi 32 kama wati 45. Kwa saa nne kila siku ni yuniti 12 au 13 kwa mwezi. Kwa bei ya shilingi 292 kwa yuniti, inayofika takriban 356 ukiongeza kodi na tozo, ni kama shilingi 4,500. Laptopu hushusha hadi 3,000 hivi. Aliye kwenye kundi la bei ya chini, lenye ukomo wa yuniti 75 kwa mwezi, ndiye anayepaswa kupima: kama tayari anatumia 65, kompyuta ya mezani inaweza kumvusha mpaka, na laptopu ikambakiza ndani.

Walio kwenye sola, kama visiwa vya Bumbire na Goziba na vijiji vilivyo mbali na nguzo: betri ya volti 12 yenye Ah 100 haipaswi kunyonywa zaidi ya nusu kama ni ya asidi. Nusu hiyo, baada ya inveta kuchukua chake, inaendesha laptopu na TV ndogo kwa kama saa saba. Na paneli ikae mahali ambapo majani ya migomba hayafiki. Nyumba iliyo katikati ya kibanja ina kivuli kizuri cha kupumzikia, lakini jani moja likifunika kona ya paneli hupunguza umeme wa paneli nzima.

## TV ikae wapi

Tetemeko la Septemba 10, 2016 liliua watu, likabomoa maelfu ya nyumba katika mkoa, na kuangusha kila kilichokuwa kimeegeshwa juu ya kabati. Ukuta wa tofali za kuchoma wenye plasta nzuri hushika breketi. Ukuta wa tofali mbichi haushiki; hapo tumia kabati pana na fupi, uifunge TV kwa mkanda nyuma. Kompyuta ya mezani ikae mbali na dirisha la upande wa mvua, iache nafasi ya kiganja kila upande ili ipumue, na ifunguliwe vumbi kila kiangazi. Kitambaa cha kufuma juu yake, kizuri namna gani, kiondolewe mashine ikiwa inafanya kazi.

## Kulijaza ghala

Diski ya TB 1 hubeba filamu kama mia tisa za GB 1 kila moja. Hakuna familia inayozimaliza. Swali la maana zaidi ni nini kiwekwe, na jibu zuri kuliko yote liko tayari ndani ya nyumba, kwenye droo.

DVD za familia. Harusi, send-off, kipaimara, mazishi ya babu. DVD za kuchomwa huchakaa hata zikiwa ndani ya kava, na kila mwaka nyingine hukataa kusoma. Zihamishe sasa:

1. Futa diski kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, kamwe usizungushe.
2. Nakili folda yake nzima kwenda kwenye kompyuta. Ikikwama, jaribu kompyuta nyingine kabla ya kukata tamaa, visomeo hutofautiana.
3. Tumia HandBrake, ambayo ni ya bure, kuigeuza iwe faili moja la MP4. DVD iliyojaa GB 4.7 hubaki kama GB 1 au 2.
4. Lipe jina lenye mwaka mwanzoni, kisha tukio, kisha mahali.

Kaseti. Hizi ndizo zinazoumiza zaidi, maana kilichomo humo hakipatikani popote pengine. Uhaya una utendi wa enanga, hadithi ndefu za kale zinazoimbwa kwa kupiga ala ya nyuzi iitwayo enanga. Profesa M. M. Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliandika juu ya Habibu Selemani, mmoja wa mafundi wakubwa wa enanga, aliyefariki mwaka 1993. Zipo nyumba zilizomrekodi mzee wao mwenyewe kwenye kanda, akiimba, akitoa nasaba au akishauri kwenye sherehe, na kanda hiyo imelala ndani ya kopo la biskuti inakula ukungu wa ziwa.

- Unahitaji redio kaseti inayofanya kazi, waya kutoka tundu la hedifoni la redio kwenda tundu la *bluu* la kompyuta ya mezani, na programu ya Audacity. Laptopu nyingi hazina tundu hilo. Zinahitaji kadi ndogo ya sauti ya USB yenye tundu la kuingizia.
- Zungusha kanda mbele hadi mwisho na nyuma hadi mwanzo kabla ya kuicheza, ilegee.
- Rekodi hufuata muda halisi: kanda ya dakika 90 ni dakika 90. Angalia mistari ya sauti isifike juu kabisa, la sivyo itakwaruza.
- Hifadhi nakala ya WAV kwanza, kisha tengeneza MP3 ya kusikiliza. WAV ya kanda moja ni takriban MB 900. Diski kubwa haitalalamika.

Muziki na watoto. Albamu ya Saida Karoli yenye "Maria Salome", iliyotoka mwaka 2001, kwaya, bongofleva, kila kimoja kwenye folda yake. Kwa wadogo, Ubongo Kids, kipindi cha Watanzania kilichoanza mwaka 2014, kipo YouTube bila malipo. Na programu ya Kiwix huweka Wikipedia ya Kiswahili nzima ndani ya kompyuta, ikasomwa bila intaneti.

Nakala ya pili. Diski zote hufa. Vitu vya familia viwe kwenye diski mbili, moja ikae nyumba nyingine, kwa mfano kwa shangazi Mwanza. Filamu za dukani hazihitaji ulinzi huo.

Kosa dogo linalochosha watu hapa: flashi iliyopangwa kwa FAT32 inakataa faili lolote lenye zaidi ya GB 4, hata ikiwa tupu. Ipange upya kwa exFAT, baada ya kuhamisha vilivyomo.

## Bando

Netflix yenyewe inasema picha ya kawaida hula hadi GB 1 kwa saa, na HD hadi GB 3. YouTube hutegemea ubora unaouchagua. Kwa hiyo:

- Kabla ya jambo lolote, fungua mipangilio ya mtandao kwenye Windows na uwashe panapoandikwa "Metered connection". Bila hivyo, kompyuta itapakua maboresho yake usiku kucha kwa bando lako. Malalamiko ya bando kuisha bila mtu kutazama chochote mara nyingi huanzia hapa.
- Shusha YouTube hadi 480. Kwenye TV ya inchi 32, kutoka kwenye kochi, wengi hawaoni tofauti.
- Kama mtandao wako una kifurushi cha usiku, pakua vitu usiku kwa laptopu yenye betri nzima. Angalizo la radi linabaki pale pale.

## Sheria, majirani na watoto

Kunakili filamu za watu kwenye vibanda vya kujazia flashi kunagusa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayosimamiwa na COSOTA. Wasanii wa bongo muvi wameumia sana kwa kazi zao kuuzwa hivyo, na wengi huweka kazi zao wenyewe YouTube. Kuzitazama huko kunawalipa.

Majirani wakija kutazama bure, ni ujirani. Ukianza kutoza kiingilio, umefungua ukumbi wa maonyesho, unaohitaji kibali chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, na mkataba wa king'amuzi cha nyumbani hauruhusu.

Kompyuta ya sebuleni iwe na akaunti yake, isiyo na barua pepe wala picha zako binafsi. Wageni hubonyeza kila kitu.

## Fedha zikiwa chache, zianzie hapa

1. Waya au adapta sahihi, iliyojaribiwa dukani.
2. TV gadi, na fundi wa kukagua waya wa ardhi.
3. Diski ya nje ya TB 1.
4. Waya wa sabufa.
5. SSD ndogo, kama mashine inachukua dakika nzima au zaidi kuwaka.
6. Diski ya pili, ya nakala za familia.

UPS iwe juu ya orodha kwa mwenye kompyuta ya mezani, na isiwepo kabisa kwa mwenye laptopu yenye betri nzima. Kibodi isiyo na waya inaweza kusubiri hata mwaka mzima, maana simu iliyo mfukoni inafanya kazi hiyo hiyo.